Hati ya Eneo Tupu

1

Neno lenyewe nililiandika mimi. Nalisema hili mapema ili asije akatokea mtu wa kudai kwamba nimekuja kulaumu wengine na kujitakasa. Mwaka juzi, nikiwa nimeketi ndani ya chumba chenye kiyoyozi, chai yangu ya tangawizi ikiwa mezani, nilifungua fomu ya eneo D-7 na kuchagua "tupu". Fomu ilikuwa na nafasi mbili tu, "lina wakazi" na "tupu". Kukoroga sukari kulinichukua muda mrefu kuliko kuchagua.

Katika Shirika la Anga la Ukanda wa Ziwa, mimi, Minza, nilikuwa mkaguzi wa maangukio. Roketi inaporuka kutoka kituo chetu cha magharibi, karibu na Ziwa Tanganyika, haiendi juu ikiwa nzima. Sehemu ya chini, yaani tangi na injini zake, ndefu kuliko mabasi mawili, hukatika baada ya dakika chache na kurudi chini upande wa mashariki, kilomita mia nne na ushee kutoka ilikoanzia. Wenzetu wa nchi tajiri wanazo roketi ambazo sehemu hiyo hurudi na kutua yenyewe kwa adabu. Sisi tulinunua zile za zamani, ambazo wenyewe walikuwa wameshapiga marufuku kuziangusha kwao. Kwetu zilipakwa rangi mpya na kuitwa Roketi ya Kijani, kwa kuwa kila zinaporuka Shirika hupanda miche ya mikaratusi na kupiga nayo picha.

Mafuta ya tangi hilo hayaishi yote. Yanabaki mabaki, kimiminika chenye harufu kama ya samaki aliyevunda, na tangi likipasuka chini yanazama ardhini na kukaa humo miaka. Anayeyavuta huungua kifua, na anayeyanywa hana tiba. Haya yote yameandikwa kwenye mwongozo wetu wa kazi, ukurasa wa sitini na tatu, na dawa iliyoandikwa chini yake ni moja tu: sehemu hiyo iangukie mahali ambapo hapana mtu. Ndiyo maana kila urushaji ulihitaji Hati ya Eneo Tupu yenye sahihi ya mkaguzi.

Utupu tulikuwa tukiupima kwa mtambo tuliouita Jicho. Zilikuwa kamera za joto zilizo angani, zinazohesabu kila mwili wenye damu ya moto, mtu au mfugo, kwa siku tisini mfululizo. D-7 ilisoma sifuri siku zote tisini. Ofisini walifurahi mno, maana nchi hii imejaa watu na kupata kipande kikubwa kama kile kisicho hata na mbuzi ni bahati. Nami nilifurahi nao.

Halafu Jumatatu moja, siku kumi na moja kabla ya urushaji wa pili, wa kwanza ukiwa umefanyika masika, mama akanipigia simu asubuhi. Mayu, kama tunavyomwita mama kwetu, hapigi simu asubuhi, kwa sababu asubuhi ni ya ng'ombe. Aliniambia kwamba ndani ya ngitili yetu, malisho ya akiba ya kijiji, kulikuwa na pipa la ajabu, kubwa kuliko nyumba, na inaelekea liliangukia humo tangu masika. Walinzi wa mpaka wake walikuwa wakisikia harufu mbaya upepo ukigeuka, lakini kwa kuwa ngitili imefungwa hakuna aliyeingia kutazama, mpaka ndama mmoja alipowatoroka akaenda kunywa maji mle ndani. Walimkuta kwenye mpaka akitoka povu mdomoni, na hakufika jioni.

"Wewe si unafanya kazi na hao watu wa angani?" aliniuliza. "Hebu waulize kama ni lao."

Nilimwambia asubiri kidogo kwenye simu. Nilifungua ramani ya D-7 na kuivuta karibu, nikaliona lambo letu la maji. Lina kona moja iliyomegeka, mahali ambapo baba yangu na wenzake waliishiwa na nguvu za kuchimba mwaka ule wa njaa, na hakuna lambo jingine duniani lenye kona ya namna hiyo. Sikuwa nimewahi kuiona ngitili yetu kutoka juu. Kwenye simu mayu akawa anaita jina langu.

2

Asiyetoka Usukumani nimweleze. Mvua za kwanza zikianza, kijiji cha Mwashiluli hufunga sehemu ya ardhi yake. Haingii ng'ombe wala jembe, na hakuna anayekata hata kijiti cha kupigia mswaki. Majani yanakua, yanaangusha mbegu, kisha yanakauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kikishika kasi, majani ya kwingine kote yakiwa yameisha, ndipo ngitili inafunguliwa, na mifugo ya kijiji kizima inaishi kwa hayo mpaka mvua nyingine. Kwa miezi saba ngitili haina hata mtu mmoja, na haina kwa sababu kaya zote zimekubaliana isiwe na mtu. Sifuri ile ya Jicho ilikuwa kazi ya jasho la watu, mchana na usiku, wakizunguka mpaka na fimbo mikononi. Sisi tuliwapa cheti cha kwamba hawapo.

Nilikwenda kwa mkuu wangu, Injinia Rwechungura, nikiwa nimechukua ramani, picha ya ndama aliyonitumia mayu, na hasira zangu zote. Rwechungura si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa mbaya ningejua pa kumshika. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza, akanimiminia maji, kisha akafungua faili la D-7 na kusema kwamba hata wanakijiji wenyewe waliulizwa. Ilikuwepo sauti iliyorekodiwa. Akaicheza.

Kwanza ilisikika sauti ya kijana wa utafiti, Kiswahili chake cha shuleni, akiuliza kule ng'ambo ya miti kuna nini. Halafu akajibu mwanamke, taratibu, kama mtu asiye na la kuficha.

"Hamna kitu hapo, baba. Ni pori tu."

Ilikuwa sauti ya mayu. Nadhani Rwechungura aliona uso wangu, kwa maana aliizima haraka.

Jibu lile nalijua kwa moyo. Kila mtoto wa Mwashiluli anafundishwa kulijibu kabla hajafundishwa kuhesabu. Wapitao na makundi makubwa ya ng'ombe kutafuta malisho huuliza, kule kuna nini, na wewe unajibu, hamna kitu, ni pori tu. Nilipokuwa na miaka mitano nilimwambia mpita njia mmoja ukweli, tena kwa kujigamba, na wiki ile ile kundi la ng'ombe wa kigeni likavunja mpaka wetu. Nilichapwa, na wala mayu hakuomba radhi kwa kunichapa. Kwa hiyo mayu alipomwona kijana wa Shirika na kalamu yake, alimjibu kama anavyowajibu wote wanaoutamani uwanda wetu. Alidhani anailinda ngitili. Na mimi, niliyelelewa ndani ya uongo ule, faili lilinipitia mkononi na muhtasari wake ukisema "wenyeji wanathibitisha ni pori", nikausoma na nisijiulize. Mhaya au Mmakonde angekuwa na udhuru, lakini mimi sikuwa nao.

Nilisema nafuta sahihi yangu. Rwechungura akatikisa kichwa.

"Ukifuta, atasaini mwingine kabla ya chakula cha mchana," alisema. "Jicho linasoma sifuri, Minza. Mtu akishika sifuri mkononi, nani atasikiliza habari za majani?"

Kisha akanieleza kuhusu Mlinzi, setilaiti itakayobebwa na roketi hiyo. Ile tuliyo nayo angani inakufa, kamera zake mbili zimeshapofuka. Ndiyo inayowaonya watu wa mabondeni mito ikijaa, na mvua za vuli ziko mbele. Tukikosa urushaji huu, hali ya hewa na zamu za kituo hazitaturuhusu tena mpaka mwakani. Alinikumbusha mafuriko ya mwaka uliopita, ambapo vijiji vitatu vilihama usiku mmoja, watu wote wakiwa hai, kwa sababu Mlinzi wa zamani aliona maji siku mbili kabla. Hakuwa anadanganya. Niliwahi kulia kwa furaha siku ile, pale pale ofisini.

Nikamwuliza kama kuwaokoa watu wa bondeni lazima kupite kwenye koo la ng'ombe wetu, wakati kwa roketi ya kisasa kusingekuwa na tangi la kumwangukia mtu. Alisema roketi ya kisasa haipo. Nikamwuliza nani aliamua isiwepo. Akakunja ramani yangu vizuri na kunirudishia.

Nilipofika mlangoni akaniita. Alisema ipo njia moja, na haimhitaji mtu yeyote kugombana na mwingine. Sheria inataka eneo liwe tupu katika saa ya mwisho kabla ya kuwasha. Jicho likimwona mtu mmoja tu katika saa hiyo, mfumo unasimamisha kila kitu wenyewe, na hata mkurugenzi hawezi kuupita.

"Waambie waingie," alisema. "Waingize ng'ombe wao siku hiyo, wahesabiwe. Basi."

Aliyasema kwa wema kabisa. Nilishuka ngazi nikifikiri nimepata dawa, na nilikuwa nimefika getini ndipo nikaelewa alichoniambia. Ili tuhesabiwe kuwa tupo, ilibidi tuiue ngitili kwa miguu yetu wenyewe.

3

Mayu alinipokea vizuri, akanichinjia kuku, na hakuuliza neno mpaka nimekula. Anaitwa Kwandu, ni mwenyekiti wa kamati ya ngitili kwa mwaka wa tisa sasa, na ana mwendo wa mtu ambaye hakuna ng'ombe aliyewahi kumshinda. Alimwita Lugembe, mkuu wa walinzi wa mpaka, mwanamume mkavu asiyecheka ovyo. Tulikaa watatu uani, nikawaeleza kila kitu: roketi, tangi, siku iliyopangwa, na ile njia ya Rwechungura. Sauti ya mayu iliyorekodiwa niliitaja mwishoni, na niliitaja haraka.

Mayu alishika kitambaa cha kichwani kwake kwa mikono miwili.

Lugembe ndiye aliyejibu. Alisema majani hayajaangusha mbegu, bado wiki tatu. Ng'ombe wakiingia sasa watakula mbegu na kukanyaga zilizobaki, na mwaka kesho patakuwa uwanja wa mpira. Na si hilo tu. Siku kijiji kinapoonekana kimeingiza ng'ombe, kila mwenye kundi kuanzia hapa mpaka mtoni atajua kuna majani na atasema imefunguliwa. Nikasema basi wasiingie ng'ombe, aingie mtu mmoja tu asimame. Akaniuliza ni mtu gani huyo, kwa sababu sheria ya ngitili haijui mtu mmoja tu. Ndugu yake wa tumbo moja aliwahi kuingia kuokota kuni za msiba, kuni za msiba wa mama yao, na alitengwa. Hakuna aliyempa moto wala maji, wala kumwitikia salamu, hata Lugembe mwenyewe.

Nilipandwa na hasira. Niliwaambia wanashika sheria ya fimbo wakati watu wanawaangushia chuma kutoka mawinguni. Niliwaambia tangi la pili, kwa hesabu zangu mwenyewe, lilikuwa linaelekea kwenye lambo, na lambo likiingia sumu hakutakuwa na ngitili ya kulinda wala ng'ombe wa kulisha. Nilisema maneno mengi. Mayu aliniacha nipige kelele, kisha akauliza swali moja.

"Hilo neno tupu, nani aliliandika?"

Nilikuwa nimeliruka hilo katika maelezo yangu. Nilikuwa nimesema "Shirika liliandika", "fomu ilisema", kama watu wa ofisi tunavyosema, mpaka kosa linakuwa halina mwenyewe.

"Mimi, mayu."

"Mimi nilimdanganya mgeni," alisema. "Wewe ulikuwa unajua kwamba nadanganya."

Aliinuka akaenda kukamua. Lugembe alibaki ameketi, akachora chora chini kwa fimbo yake, kisha naye akaaga. Kwa siku zilizofuata kamati ilikutana mara tatu. Waliandika barua wilayani, na jibu likaja kwamba barua imepokelewa. Walipiga simu kituoni, wakaambiwa na mashine wabonyeze moja kwa Kiswahili. Kuhusu kuingia, kila mara walikata kauli ile ile: hapana.

Usinielewe vibaya. Siku hizo niliwachukia kwa ukaidi wao, na nililichukia Shirika zaidi, lakini niliyemchukia kuliko wote ni yule mwanamke mwenye chai ya tangawizi. Sikumwambia mtu nilichokuwa nimeamua.

4

Urushaji ulipangwa saa nne na nusu asubuhi. Saa tatu nilivuka mpaka upande wa kusini, mahali ambapo mlinzi alikuwa ameondoka kwenda kunywa maji, nikaingia ngitili kwa mara ya kwanza maishani mwangu ikiwa imefungwa.

Majani yalinifika kifuani. Nilitembea nikijaribu kutoyavunja, jambo la kijinga kwa mtu aliyekuja kuvunja sheria, lakini miguu ilijiendea hivyo yenyewe. Nilipokaribia lambo, majani yakaanza kuwa ya njano, kisha meusi, halafu hayakuwepo. Tangi lilikuwa limelala katikati ya ule uwanja uliokufa, limepasuka tumboni, na ubavuni nembo ya jani la kijani bado inang'aa. Chini yake udongo ulikuwa na utando kama wa mafuta ya kupikia, ukiteremka taratibu kuelekea majini. Ndege wadogo walikuwa wametapakaa hapo, wakavu. Nilisimama nikatukana kwa Kisukuma, matusi ambayo sikujua kama bado nayakumbuka.

Saa nne kasoro dakika tano simu ya kazi ikalia. Alikuwa Rwechungura.

"Minza, unafanya nini humo?"

Nilimwambia kwamba kama ananiona, basi eneo si tupu, asimamishe roketi. Nyuma yake nilisikia chumba cha urushaji, watu wakisomeana namba.

"Mimi nakuona," alisema. "Mfumo haukuoni. Simu yako na kitambulisho chako vinatoa ishara. Jicho limekuandika mfanyakazi aliye kazini."

"Na mfanyakazi?"

"Hahesabiwi. Ili wakaguzi wetu wasisimamishe urushaji kwa makosa." Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Nimeshamwambia mkurugenzi. Anasema mfumo unasoma sifuri. Toka humo, nakuomba, kimbia upande wa kaskazini."

Nilikata simu. Ni mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kikao kilichopitisha kanuni hiyo, na nilinyoosha mkono kuikubali.

Ilibidi niache kuwa mfanyakazi, na zilikuwa zimebaki dakika thelathini. Simu ile haizimiki, imetengenezwa makusudi isizimike. Kuitupa kwenye lambo sikuweza, maana lambo tayari lilikuwa limepata la kulitosha. Kuiacha na kuikimbia kungehitaji umbali ambao nisingeumaliza kwa muda ule. Ndipo nikalitazama lile tangi. Bati lake ni nene, na bati halipitishi ishara.

Nilijifunga khanga puani, nikavuta pumzi nikiwa mbali, nikakimbia. Mdomo wa ule mpasuko ulikuwa mpana kiasi cha kuingiza kichwa. Niliingiza mkono mpaka begani, nikasukuma simu na kitambulisho ndani kabisa, picha yangu ya kutabasamu ikatangulia, na hapo pumzi ikaniishia. Nilivuta moja tu. Ilikuwa kama kumeza pilipili iliyosagwa na dawa ya kusafishia choo. Nilitambaa mpaka kwenye majani mazima, nikakohoa mpaka nikatapika, na macho yalipoacha kutoka machozi saa yangu ya mkononi ilisema saa nne na dakika kumi na mbili.

Baada ya hapo sikuwa na njia ya kujua chochote. Huenda Jicho lilikuwa limeandika mtu mmoja. Huenda mkurugenzi alikuwa amepata jina jingine la kuniita, mnyama pori, kosa la kamera. Niliketi mahali peupe ili joto langu lionekane vizuri, na niliogopa sana. Watu wananiuliza nilikuwa nafikiri nini, wanataka niseme jambo kubwa. Nilikuwa nafikiri kwamba sehemu ile hukatika dakika ya tatu na kufika chini dakika ya saba, na kwamba huja kabla ya sauti yake.

Saa nne na nusu ikafika. Nilihesabu dakika saba nikitazama magharibi. Nikahesabu nyingine saba, kwa kuwa sikuamini saa yangu. Muda walioruhusiwa kurushia uliisha saa sita, na mimi sikuinuka mpaka saa saba kasoro, jua likiwa limenikausha midomo. Hakuna kilichoanguka.

Nilipotoka, Lugembe na walinzi wake walikuwa wamejipanga kwenye mpaka. Nilimwamkia. Alinitazama miguu na mavumbi yake, akatazama nilikotokea, akageuza uso.

5

Dagashida, mkutano wetu wa kijiji kizima, ulikaa siku ya nne katika kiwanja cha shule. Rwechungura alikuja na maofisa wawili, kwa sababu urushaji uliosimama unadai taarifa, na taarifa inadai mashahidi. Alikuwa amekonda kwa siku nne. Alinipa barua ya kunifukuza kazi kwa mikono miwili, kama anayempa mtu rambirambi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mlinzi atangoja mpaka mwakani. Nilimwuliza ile ya zamani itafika vuli kweli. Hakujua. Hata mimi sijui, na wingu likitanda upande wa mabonde sipati raha. Sitajifanya kwamba nililolifanya halina watu upande wa pili.

Kwanza maofisa waliuliza kuna nini ndani ya D-7. Mayu alisimama, akawatajia majani kwa majina yake, aina baada ya aina, miti, lambo na mwaka lilipochimbwa, kaya zinazolitegemea, ng'ombe wa kila kaya, na ndama aliyekufa. Alisema yote mbele ya watu, na wapita njia walikuwepo, na nikaona wazee wakitazamana, maana siri ya miaka mingi ilikuwa inamwagwa hadharani. Ofisa mmoja akasema fomu haina nafasi ya mambo yote hayo. Mayu akamwambia ageuze karatasi, aandike nyuma.

Kisha likaja shauri langu. Wengi walitaka nisamehewe. Walisema bila mimi lambo lingekuwa limekwisha, na hata Lugembe alisema hivyo, kwa shida, akitazama chini. Nilianza kuamini kwamba nitatoka pale na heshima yangu. Mwenyekiti wa kamati ndiye husema neno la mwisho, na mwenyekiti wa kamati ni mayu.

"Aliingia ikiwa imefungwa," alisema. "Tukimwachia kwa kuwa alikuwa na sababu nzuri, mwakani kila mtu atakuja na sababu yake. Kila anayeingia ana sababu nzuri." Akamnyoshea mkono Rwechungura. "Hata hawa walikuwa nayo. Walikuwa wanaokoa watu."

Rwechungura aliinamisha kichwa. Mimi nilitaka kupiga kelele kwamba hatufanani, kwamba wao waliangusha sumu na mimi nilikwenda kuizuia na mwili wangu. Bado naamini hivyo, na bado inaniuma. Lakini nilijua pia kwamba kama sheria ile ingelegea mara moja tu katika miaka yote hiyo, kusingekuwa na majani ya kuyafia. Nilitengwa mpaka mvua za kwanza.

Ngitili ilifunguliwa wiki tatu baadaye, mbegu zikiwa zimeshaanguka. Upande wa lambo walikuwa wamezungushia miiba, na hakuna ng'ombe atakayefika huko, pengine maisha yangu yote. Upande mwingine majani yalikuwa mengi. Kijiji kizima kilitoka na mifugo asubuhi, watu wakiimba, na mimi niliketi peke yangu kando ya njia kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Walipita mmoja mmoja, wajomba zangu, watoto wa shangazi, niliosoma nao, na macho yao yakanipita kama napitwa na upepo.

Mayu alikuja wa mwisho, nyuma ya ng'ombe wake. Nilisimama, nikapiga goti kidogo kumwamkia, kama nilivyofundishwa.

"Mwangaluka, mayu."

Alikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kumshika khanga. Alikuwa akilia, na hakuitika. Alimgusa ng'ombe wa nyuma kwa fimbo, wakaingia ndani.